Kigari Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Nitawaambia, lakini mkicheka sana nanyamaza, maana mpaka leo mtu akitaja Myanga tu hapa Kitale, masikio yangu yanapata moto.

Mnajua mimi na vigari vya rimoti. Si vya watoto, bana (najua mshaanza), ni ile aina ya matairi makubwa, inaruka matuta, inapanda mawe, na kila Jumapili nikitoka kanisani nakipeleka changu uwanjani kukikimbiza. Sasa baba yake Nafula, msichana ninayetaka kuoa, akasikia hiyo habari, akauliza ati mwanaume mwenye ndevu anayecheza na kigari atamlisha mke na nini. Nafula akanipigia simu. "Baba anataka kukuona Jumamosi. Na ukuje nacho, anataka kukiona na macho yake." Hapo nikajua ndoa ndiyo inapimwa. Mzee akisema hapana, ni hapana, Nafula alishaniambia hawezi kwenda kinyume naye.

Basi Ijumaa jioni nikajiharibia mwenyewe. Kigari changu kilikuwa na tabia ya kupinduka kwenye kona, na mimi nikaanza kujiona mbele ya mkwe, kigari kiko chali, matairi juu kama mende, mzee anatikisa kichwa. Nikasema haiwezekani. Nikaenda kwa fundi wa jua kali akanichongea vyuma vya kuweka kati ya ekseli na tairi, nikavifunga pande zote, matairi yakasukumwa nje, kigari kikatanuka kikakaa kama chura. Nikakipiga kona kali. Hakipinduki! Nikalala natabasamu, mjinga mimi.

Myanga, kwao Nafula, nilipokelewa vizuri. Nikakaa na mzee nje, kwenye kivuli cha nyumba, Nafula akatuletea chai. Mama yake sikumwona, na sikutakiwa kumwona ovyo, maana sisi Wabukusu mkwe na mama mkwe ni heshima na umbali: humshiki mkono, hukai karibu naye, na chumba chake cha kulala hata kwa ndoto huingii. Nilijua yuko jikoni kule nyuma, kuku alikuwa ananukia mpaka barabarani.

Nikakiendesha. Kilipita kwenye mahindi yaliyoanikwa bila kugusa punje, kikapanda rundo la mawe, kikashuka, wala hakikuyumba. Mzee hakucheka, hakuguna, alitazama tu. Halafu akanyoosha mkono.

"Leta hiyo limoti."

Si ningefanya nini? Nikampa, nikamwonyesha, baba, hapa ukivuta na kidole kinaenda, ukiachilia kinasimama. Akaitikia. Akavuta. Hakuachilia.

Kigari kikageuka ghafla kikaingia mlango wa sebule uliokuwa wazi. "Baba, achilia kidogo," nikasema. "Kimeenda wapi?" akauliza, huku anavuta zaidi, ati ndio kirudi! Kumnyang'anya sikuweza (mkono wa mkwe, siku ya kwanza, nauvuta na nguvu?). Tukasikia kikigonga stuli, halafu kishindo kingine huko ndani kabisa, halafu mlio ukabadilika, mwiiii, mahali pamoja. Kimekwama. Na mota ikizuiwa hivyo huku imevutwa, betri inachemka, na hizo betri zikichemka zinalipuka moto, nimeona moja ikichoma meza ya rafiki yangu. Harufu ya plastiki ikaanza kutoka.

"Baba, nyumba itaungua!" Nikakimbia.

Moshi ulikuwa unatoka chini ya pazia la chumba cha kulala. Nikashika pazia, nikaliachia. Jamani, chumba cha mama mkwe! Nikajiambia mama yuko jikoni, nikafumba jicho moja, nikaingia.

Mama hakuwa jikoni. Alikuwa amesimama juu ya kitanda, ameshika sketi, kitambaa cha kichwa kinaning'inia. Kumbe alikuja kuchungulia mkwe kupitia dirishani bila kuonwa, na kigari kikamvamia hapo hapo. Kuniona akajifunika blanketi mzima mzima. "Mayi wee! Mkwe!"

"Samahani mama," nikasema, nikalala na tumbo. Kigari kilikuwa kimebanwa kati ya mguu wa kitanda na sanduku la bati, na kilichobanwa ni ule upana niliouongeza mimi. Bila vile vyuma kingepita hapo bila shida. Navuta, hakitoki. Moshi unaingia machoni, tairi zinang'ang'ana, mzee huko nje bado amevuta. Ikabaki kuinua kitanda. Nikatia bega, nikainua, na sikukumbuka kilichokuwa juu yake.

Mama Nafula aliteremka na godoro na blanketi akaniangukia mgongoni. Nikang'oa betri hivyo hivyo, ikaniunguza vidole, nikairusha dirishani, ikalipuka uani, kuku wakatawanyika. Sisi tukabaki sakafuni, mkwe na mama mkwe, chini ya blanketi moja.

Pazia likafunguka. Mzee, rimoti mkononi, kidole bado kimevuta.

"Baba Nafula," sauti ikatoka ndani ya blanketi, "achilia hicho kitu."

Akaachilia. Akaniambia pole pole, "Kijana, enda kwanza nyumbani." Kuku sikumwonja. Nafula alinisindikiza mpaka kwa geti akijifunika uso, analia au anacheka sikujua, na mimi nikaondoka nikiamini nimempoteza. Nililia, sitawaficha. Kigari nilikiacha huko huko, sikutaka hata kukiona.

Simu ilikaa kimya hadi nikazoea. Juzi ikalia. Mzee.

"Kijana. Ulete wazee wako tuongee. Na kondoo wa kuchinja, ile siku isafishwe. Na blanketi mpya ya mama." Akakohoa. "Na betri. Hii gari yako imekataa kuwaka."

Nitapeleka vyote. Na nikifika, kabla ya salamu kuisha, natoa vile vyuma. Kigari kipinduke mbele ya wazee wote, kiwe chali, matairi juu. Aibu hiyo naiweza.