Gari Nililolivalisha Jinzi

Aliyebuni lile gari la kuchezea nilimshukuru na kumtukana siku moja. Nilimshukuru asubuhi, kwa sababu binti yangu, ambaye kwa miezi mitano alikuwa amekataa kata kata kusimama, alijivuta kwenye mguu wa kitanda akainuka ili aone linakoelekea. Nikamtukana kabla ya chai ya saa nne, kwa sababu gari liligonga ukuta likatawanyika vipande vipande, na mtoto akaporomoka chini akalia mpaka akatapika.

Alikuwa na miaka mitatu. Kabla ya hapo alikuwa akikimbia kwenye ngazi za jengo letu la mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne, akiniua kwa hofu kila siku, ndipo homa ya uti wa mgongo ikamshika. Alitoka hospitalini akiwa hai, na kwa hilo sina la kudai. Lakini aliyerudi nyumbani alikuwa mtoto wa kukaa. Ukimsimamisha, magoti yanalegea, anakukaba shingo na kupiga mayowe. Daktari wa mazoezi, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinieleza kwamba ile miguu haijafa. Imedhoofika, na mtoto mwenyewe anaogopa kuanguka.

"Usimlazimishe, mama," aliniambia. "Mtafutie kitu atakachokitaka kuliko anavyoogopa."

Kisha akaniambia na upande wa pili. Akiendelea kukaa hivyo, misuli itafupika, nyonga zitaharibika, na kurekebisha hayo baadaye ni kazi ya kisu. Akaandika kwenye kadi nimrudishe baada ya wiki sita.

Majirani walinikumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, yaani nimsimamishe kwa nguvu. Nilijaribu mara moja, na siku nzima baadaye hakutaka nimguse. Nikajaribu biskuti, nikajaribu puto, nikajaribu katuni za simu. Vyote alivitaka akiwa amekaa.

Gari lilitoka mtaa wa Buruburu, kwa mteja niliyekwenda kumpimia mapazia. Mimi ni fundi cherehani. Nashona hasa yunifomu za shule, lakini pazia silikatai. Wanawe walikuwa wamekua, akanipa mfuko wa vitu walivyoviacha. Ndani mlikuwa na vile vijitofali vya plastiki vinavyopachikana, magurudumu manne, mota ndogo na kisanduku cha betri chenye swichi. Kijitabu chake kilikuwa na picha ya mtoto mdogo aliyepigwa mstari usoni, kuonya kwamba si la umri wake. Nikacheka. Wakati huo ningempa hata simba hai achezee, bora asimame.

Kumbe lile onyo lilikuwa la kweli. Gari lile lilitengenezewa mtoto wa kukaa kwa adabu na kulitazama likitembea. Wangu alilipenda kwa kulirusha. Alilipenda kwa kulikalia, kwa kulitafuna. Siku moja nilimtoa kijitofali mdomoni kwa kidole. Na kila lilipovunjika, naye alivunjika. Nililipachika upya haraka haraka, lakini alikuwa akikaa siku mbili bila kugusa kitanda, akilitazama kama mtu aliyedanganywa.

Nikaanza kulitia nguvu kwa ujuzi nilio nao. Kwanza nililizungushia lastiki ya sketi. Lilidumu asubuhi moja, kisha mota ikawa inalia bila magurudumu kuzunguka. Nyumba ya fundi cherehani haikosi nyuzi sakafuni, na zote zilikuwa zimejisokota kwenye vijiti vya magurudumu. Nikazitoa kwa sindano na wembe, moja moja. Nikakata slipa kuukuu ya mpira, nikatengeneza pete ndogo za kuziba ile nafasi kati ya gurudumu na bodi, na kipande kilichobaki nikakifunga mbele kiwe kinapokea vishindo vya ukutani.

Halafu nikalishonea koti. Nilikata mfuko wa suruali ya jinzi ya baba yake, nikatoboa matundu manne ya magurudumu, nikapiga mishono miwili kila upande, na chini nikaweka zipu ya kubadilishia betri. Hiyo ilikuwa wiki nzuri. Gari liligonga kitanda, liligonga cherehani, liligonga jiko, na halikumwaga hata kijitofali kimoja. Binti yangu alilifuata ameshika ukingo wa kitanda, akienda kando kando, hatua nne, hatua sita. Kitanda kikiisha, anakaa. Kuachilia mkono alikataa.

Kisha akajifunza zipu. Nilitoka kuanika nguo, niliporudi nikakuta ametoa matumbo yote na kuyatawanya chini ya kitanda, naye katikati analia kwa uchungu wa kazi ya mikono yake.

Zilikuwa zimebaki siku kumi turudi kliniki. Hasira ilinipanda nikanunua ile gluu inayoondoka na ngozi ya kidole. Nikagundisha kila kijitofali, kila kiungo, kila kifuniko. Koti nikalishona upya bila zipu. Lilipokauka nililiachia mwenyewe kutoka kwenye ngazi zetu, likabiringika hadi ghorofa ya tatu, likatua kwa magurudumu na kuendelea kunguruma. Nilicheka peke yangu pale ngazini. Nikalipeleka chini kwa fundi wa redio, kwa ajili ya kujisifu tu, sikuwa na haja nyingine.

Aliligeuza geuza. "Aki mathe, hii umeiweza," akasema. "Sasa betri zikiisha utado?"

Yaani nitafanya nini. Nilikumbuka kile kifuniko cha betri, na kwamba nilikuwa nimekipaka mara mbili, ya pili kwa usalama. Mimi, miaka kumi na minane ya kushona nguo, na sijawahi kusahau mahali pa kupitisha kichwa.

Tangu siku hiyo niliishi mkono ukiwa kwenye swichi, nikiibonyeza kupitia jinzi. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, kisha nazima na mtoto ananitazama kwa chuki. Nilimwomba Mungu kwa lugha ya nyumbani, na si kwa maneno ya kanisani. Jumanne, siku mbili kabla ya kliniki, gari lilipunguza mwendo, likajikokota, likasimama katikati ya chumba. Binti yangu alikuwa ameshika kitanda. Alilisubiri kidogo, kisha akakaa, akakunja miguu yake chini kama mtu anayefunga duka.

Nilikata tamaa, nasema wazi. Nilichukua mkasi nikapasua koti. Nikapasha kisu moto, gluu ikakataa. Nikachukua nyundo.

"Mama, wacha," akasema.

Nilidhani nitapiga kifuniko peke yake. Pigo la tatu kisanduku kilipasuka katikati, betri zikaruka, waya za mota zikakatika kwenye mzizi, na mota yenyewe ikalala pembeni imebonyea. Hapakuwa na la kuunga. Niliketi sakafuni, miguu nimeinyoosha, vipande vimejaa mapajani, nikalia kwa sauti mbele ya mtoto bila kuona haya.

Sikumwona akisimama. Nilipofuta macho alikuwa tayari wima, mkono mmoja kitandani, uso umekunjamana, ananiangalia mimi wala si gari. Akaachilia kitanda. Magoti yalitikisika, hakuyajali. Hatua moja, ya pili, ya tatu, akikanyaga vijitofali kwa nyayo tupu, ngumi mbili juu.

"Mama mbaya! Mbaya!"

Ngumi ilitua juu ya jicho, na ilikuwa na uzito wake. Alibaki amesimama mbele yangu, hajashika kitu, anayumba, anatafuta pa kupiga ya pili. Mikono yangu ilitaka kumkamata, nikaikalia. Nikajisukuma nyuma kwa makalio, polepole, mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo unipige tena."