Kidole Gumba cha Mama Makochi

Mama Makochi aliweza kubana misumari midogo mdomoni, akagonga nyundo, na bado akakumalizia habari za mtaa mzima. Kazi ya kuvalisha viti vitambaa vipya alirithi kwa baba yake. Ulimi ule, hakuna aliyejua aliurithi kwa nani.

Siku hiyo alikuwa anamalizia kochi la jirani, ambaye mama yake mzee angetoka hospitali kesho yake. Muuza mkaa akapita, akamtupia utani. Mama Makochi akageuka kucheka, nyundo haikugeuka. Ikatua kwenye kidole gumba cha kushoto.

"Mama yangu weee!" Misumari ikamruka mdomoni kama mbegu za tikiti.

Mumewe, kinyozi mwenye kibanda cha pembeni, akatoka mbio, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Kuona damu tu, akakaa chini puu.

"Baba watoto, nani kaumia hapa, mimi au wewe?" mkewe akamuuliza, huku akimpepea kwa mkono ulio mzima.

Kwenye zahanati muuguzi aliosha jeraha, akafunga bandeji. "Mfupa haujavunjika, mama. Ila kidole kipumzike."

"Kipumzike tu. Kochi litaisha leo."

Lakini nani angemshikia misumari? Wifi yake alipoombwa alirudi nyuma hadi mlangoni. "Wifi, chako umeshakiponda, sasa unataka na changu?"

Jioni kinyozi alifunga kibanda, akavuta kigoda karibu na kochi. Akashika msumari kwa ncha za vidole, vidole vilevile vinavyomlisha, kisha akafumba macho.

"Fumbua macho, baba watoto."

"Nikifumbua nitakimbia. Wewe gonga, mke wangu."

Mama Makochi akainua nyundo. Akagonga taratibu, kama anayebembeleza mtoto alale, msumari baada ya msumari, mpaka kitambaa kikatulia. Kinyozi akafumbua macho, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja asiamini. Mkewe akaushika mkono ule, akauweka shavuni.

Kesho yake yule mama mzee wa jirani aliegemea kochi, akashusha pumzi, akapapasa ukingo.

"Mwanangu, kazi nzuri. Ila msumari huu mbona umekaa upande?"

"Huo kaushika mume wangu," Mama Makochi akajibu, kidevu juu. "Hauguswi huo."