Udongo wa Boma la Kemboi

Chepkemoi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Lanet. Kazi yake ni kuotesha bakteria wa udongoni, wale wale wanaoipa ardhi harufu yake mvua inapoanza. Wakigombea nafasi hutengeneza sumu za kuuana, na baadhi ya sumu hizo ndizo tunazomeza hospitalini kama dawa.

Desemba moja alimtembelea mjomba wake, Kemboi, huko Mogotio. Nyuma ya nyumba palikuwa na boma la zamani la mbuzi. Wenyeji walipokuwa wakinywa chai, alichota udongo kidogo, akautia kwenye kichupa na kukificha kibetini. Hakuomba. Kwao, ukionekana unabeba udongo wa boma la mwenzako, mbuzi akifa mwezi ujao jina lako ndilo litakalotajwa.

Kwenye sahani ya maabara udongo ule ulitoa doa jeupe, kama unga. Bakteria wa mnyauko, wanaomaliza viazi vya watu Molo, aliowapanda kwenye sahani hiyo hiyo, walikufa wote pembeni yake, ikabaki pete safi. Mkuu wake, Daktari Ooko, aliitazama mara tatu.

"Hii usiiache ife, Chepkemoi."

Ilikufa. Stima zilipotea siku nne, na jenereta haikuwa na dizeli kwa sababu barua ya kuiomba ilikuwa mezani kwa mtu, ikingoja sahihi tangu Januari. Mkulima anang'oa viazi vilivyooza, na dawa yake inaozea kwenye jokofu kwa kukosa sahihi!

"Rudi ulikochota," Ooko akamwambia.

Alirudi Mogotio Jumamosi. Palipokuwa na boma sasa palikuwa na mwamba mtupu.

"Mjomba, samadi ilienda wapi?"

"Lori lilibeba wiki jana, likapeleka kwa mashamba ya huko juu. Walikwangua yote. Kwani ulikuwa unataka kulima?"

Akamweleza yote, kichupa na pete na stima. Kemboi alisikiliza akichokonoa meno.

"Na ulichota ukanyamaza."

"Niliogopa mtaniita mchawi."

"Wewe? Mchawi wa kuogopa panya?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Si ungesema tu. Lori lingerudi tupu. Ningekaa hapo na rungu."

Chepkemoi alipiga magoti, akakwaruza vumbi kwenye nyufa za mwamba, na mjomba wake akamshikia kichupa.

Vumbi lile lilipandwa kwenye sahani arobaini. Madoa yaliota ya kila rangi, lakini hakuna lililozungukwa na pete. Mwezi wa tatu alizichemsha sahani zote, akaziosha.

Kila Jumapili, akitoka kanisani, Kemboi humpigia simu.

"Imemea?"

"Bado, Mjomba."

"Ngoja tu. Mvua inakuja."

Naye hushindwa kumwambia kuwa sahani zilishaoshwa, kama alivyoshindwa mara ya kwanza.