Mbavu za Bondia wa Murang'a

Bondia wa Murang'a alikuwa hapigiki. Nilimtazama mara mbili kabla ya ndugu yangu kupangwa naye, na kila mara mpinzani wake alichoka kwa kupiga hewa. Kichwa kilikuwa hapo, halafu hakipo. Ukikosa, anakudonoa usoni na kurudi nyuma, na waamuzi wanamwandikia pointi.

Ndugu yangu ndiye kitinda mimba wetu. Tangu mama afariki, nikaacha shule nikaanza kuuza viazi sokoni Gatitu, ombi langu lilikuwa moja: huyu apate kazi ya kudumu. Timu moja ya askari ilikuwa inaajiri mabondia, na mshindi wa pambano lile mjini Nyeri ndiye angechukuliwa.

Alipotoka mazoezini jioni alinikuta nikimenya viazi.

"Wachana na kichwa," nilimwambia. "Kichwa kinakimbia. Mbavu zitakimbilia wapi?"

"Ati sasa wewe ndiye kocha, sista?"

"Mama alikuwa anashika jogoo namna gani?"

Akacheka. Mama hakuwahi kumfukuza jogoo. Alitanua mikono akasogea pembeni polepole, akimzibia njia, mpaka jogoo akajikuta kwenye kona ya ua asijue amefikaje. Tulisukuma viti tukajaribu. Asimfuate mtu nyuma, amkatie njia. Akimbana kwenye kamba, apige mbavu, na mbavu zikifunikwa apige hiyo mikono inayozifunika. Mikono ikichoka itashuka, na hapo kichwa hakitakuwa na mlinzi.

Siku ya pambano, raundi ya kwanza watu walimzomea ndugu yangu.

"Wewe, unapiga ngumi ama unakanda chapati?"

"Kichwa iko huko juu, buda!"

Hakuwasikiliza. Raundi ya pili yule wa Murang'a alikuwa haendi tena anakotaka. Ngumi moja ilimwingia chini ya mbavu za kulia, nikaisikia mpaka nilipokaa. Akajikunja, akabana kiwiko ubavuni, mdomo wazi.

Nilisimama. "Hapo hapo! Rudia!"

Ndugu yangu alimtazama, akarudi nyuma. Akamwachia nafasi ya kutoka kwenye kona. Raundi ya tatu hakugusa mbavu tena. Alitafuta kichwa, na kichwa hakikuwepo. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa yule mwingine.

Nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi, anafungua bandeji za mikono.

"Ulikuwa umempata. Kwa nini uliacha?"

Alizungusha bandeji mara moja zaidi, ikaachia.

"Alijishika pale, sista. Vile mama alikuwa anajishika."

Mama, wiki zake za mwisho, aliketi kitandani amebana kiwiko ubavuni, mdomo wazi, ili tusisikie sauti. Kila maumivu yalipoanza nilimtuma huyu mdogo nje akawape kuku mahindi. Miaka yote niliamini hakuona.

Nikamfungulia bandeji iliyobaki, nikaikunja, nikaiweka kwenye kikapu changu.

Siku hizi yuko Doldol, anapakia mbuzi kwenye malori. Hupiga simu Jumapili, na hatuzungumzi ngumi. Kocha wake hupita kibandani kwangu kununua viazi, na kila mara husema yule kijana alikuwa na mikono lakini hakuwa na roho. Mimi humpimia viazi vyake.