Picha la Bure Lililokuja Nkoma

Wanangu hawapendi kuangalia picha na mimi. Wanasema nina mdomo, naharibu uhondo. Ni kweli. Picha la Kihindi naanza kulisema tangu wimbo wa kwanza: mama wa msichana ni mgonjwa, dawa haijanunuliwa, na msichana yuko mlimani anabadilisha magauni saba kwa wimbo mmoja. Nani anayafua? La Kichina nalipenda zaidi kwa sababu halijifanyi. Mwalimu kauawa, mwanafunzi kakasirika, basi, ngumi zianze; ukisinzia ukaamka unakuta bado wanapigana na hujapitwa na kitu. La kivita ni uongo mtupu, mtu mmoja anamaliza kambi nzima na risasi haziishi, lakini ni uongo wa wazi kama wa mtani wako, hauumizi. Na haya ya mama mkwe mchawi, ambayo watu wanalia kwenye kochi kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya nne, hayo naangalia kwa ajili ya mapazia tu.

Yote hayo nimeyasamehe. Liko moja ambalo sijalisamehe mpaka leo, na ndilo pekee lililotuambia kwamba ni la kweli.

Picha nilizianza Bariadi, miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani na kila aliyepata jenereta akajiona mfanyabiashara. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikapelekwa kwa shangazi mjini kumsaidia kulea watoto. Jumapili baada ya misa shangazi alikuwa ananiachia mchana, na mimi moja kwa moja kibanda cha video. Kilikuwa chumba cha udongo, madirisha yamezibwa na magunia, televisheni na deki juu ya meza, mabenchi yanayochoma. Msichana aliyeingia kule watu walimwona ameharibika. Kwa hiyo nilikuwa nakaa benchi la mbele kabisa, karibu na kijana aliyekuwa anatutafsiria, ili kila mtu aone kwamba nilichofuata ni picha.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja: stelingi hafi. Anapigwa, anafungwa, nyumba yake inachomwa, anatukanwa mbele ya mchumba wake, lakini hafi, na mwisho anashinda. Aliyeipinga sheria hiyo alionekana mshamba. Nakumbuka mfugaji mmoja kutoka Mwanhuzi, amekuja mnadani, akaingia na fimbo yake. Katikati ya picha akasimama akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu adui si tulimwona anakufa Jumapili iliyopita? Amefufuliwa na nani?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mimi ndiye niliyejitolea kumweleza kwamba ule ni mchezo, wanaigiza, anayekufa leo kesho anakula ugali kwake. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba mtu anayekubali kuonekana amekufa ana tatizo. Nikamwona hana akili. Leo hii ningemtafuta nimwombe radhi.

Kila msimu wa mavuno nilikuwa narudi nyumbani Nkoma kumsaidia mama kuchuma pamba. Baba wakati huo alikuwa amehamia na ng'ombe upande wa Meatu, kwa mke mdogo, kwa hiyo shamba lilikuwa la mama na sifa zake zilikuwa za mama. Jioni tulikaa uani tukichambua, nyeupe upande huu, fifi iliyoingia madoa upande ule, na mimi nikimhadithia picha. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuwa mwangaliaji mkali kuliko mimi, ingawa kibandani hakuwahi kukanyaga. Nikimwambia stelingi ametembea siku tatu msituni anamfuata adui, ananiuliza, "Anakula nini?" Nikimwambia wameimba mpaka jua likazama, ananiuliza ng'ombe wamebaki na nani. Lakini mwisho wa picha aliupenda. Nikichelewa kuufikisha alikuwa anaacha kuchambua na kusema, "Haya, mfikishe basi, ashinde tulale."

Zamani pamba yote ilikuwa inakwenda chama cha ushirika. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, huyu na lori lake, yule na mizani yake, wanagombania mzigo barabarani, wengi wao bila kuuangalia. Watu wakajifunza haraka. Walinyunyizia maji, wakachanganya mchanga, uzito ukapanda. Hata waliokuwa wanaimba kwaya walichanganya. Mama hakuchanganya. Simpambi kwa sababu ni mama yangu; hata wanunuzi wachache waliokuwa wanakagua walikuwa wanauchukua mzigo wake na kuutundika kwenye mizani bila kuufungua, na wanawake wengine walikuwa wanawaleta mabinti zao uani kwetu waone namna ya kuchambua. Mali nyingine hakuwa nayo. Watoto tuliobaki hai tulikuwa wawili, ng'ombe walikuwa wa baba, na hilo jina la mkulima safi ndilo lililokuwa lake peke yake.

Ndiyo maana wale watu wa picha walipofika kijijini na gari jeupe, wakaomba waonyeshwe mkulima mzuri wa kupigwa picha, kijiji kizima kilinyoosha kidole kwetu.

Walikuwa watatu: mwenye kamera, dereva, na mkubwa wao mwenye kofia. Walitumwa na kampuni moja iliyokuwa inanunua pamba enzi hizo, ambayo siku hizi haipo. Mwenye kofia alimwamkia mama vizuri, akakaa kwenye kigoda, akaeleza. Wanatengeneza picha la kweli, la wakulima wenyewe, litakaloonyeshwa bure vijijini kufundisha usafi wa pamba. Litakuwa na sehemu mbili. Kwanza mama ataonyesha mkulima mbaya anavyochafua, halafu ataonyesha mkulima mzuri anavyochambua.

"Kwa nini mbaya niwe mimi?" mama akauliza.

"Wote wawili ni wewe, mama. Watu waone tofauti."

Akakataa. Alisema mchanga kwenye pamba haweki, hata kwa mchezo, kwa sababu mkono haujui kwamba ni mchezo. Mwenye kofia akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimeshamwambia kwamba picha nazijua. Na mimi nikaingia kazini. Nikamwambia mama kwamba hakuna picha ambalo stelingi hapigwi kwanza. Asipopigwa, watu hawawezi kumpenda akishinda. Nikamwambia, "Mayu, stelingi ni wewe." Akainuka akaenda kuchota mchanga.

Kumbe hakujua unawekwaje. Aliuliza unawekwa juu au chini, na wanaume wale wakacheka mpaka kamera ikatikisika. Dereva, ambaye alikuwa mtu wa kwetu na alijua vizuri mno, akamwonyesha: katikati ya mzigo, siyo chini, chini unavuja. Mama akaanza. Kila akijaza kiganja aliinua macho kunitazama mimi niliyesimama pembeni ya kamera, kuuliza kama anafanya sawa. Na mimi kila mara nilimpungia mkono, endelea.

Baada ya hapo alinawa. Akaingia ndani akavaa kitenge cha kanisani. Sehemu ya pili ilichukua muda mrefu kuliko ya kwanza, na mimi niliyeona mapicha mengi nasema sijaona lililoizidi. Hakuigiza. Alitandika shuka, akamwaga pamba, akaanza kutoa majani makavu moja moja, vidole vinakwenda vyenyewe huku akimweleza mwenye kamera kwa nini fifi ikikaa na nyeupe huiambukiza jina baya. Mwenye kofia alisema, "Safi sana, mama." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Gari la sinema lilikuja mwaka uliofuata, pamba ilipoanza kupasuka. Walifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili uwanja wa shule, na giza lilipoingia tu watu wakajaa, wengine kutoka vijiji vya mbali kwa baiskeli. Mimi nilikimbia mapema nikakaa mbele chini, na mashoga zangu, nikiwa na nafasi ya mama pembeni yangu. Mama alisema atakuja akishafungia kuku.

Likaanza. Watoto walipoitambua nyumba yetu wakapiga kelele, halafu mbwa wetu, halafu mama mwenyewe, mkubwa kama mlango wa kanisa. Sauti ya mwanaume kama wa redioni ikasema, "Mtazame mkulima huyu mwizi." Mama akajaza mchanga kiganjani. Akainua macho, akatazama pembeni. Sauti ikasema, "Anaangalia kama kuna anayemwona."

Kwenye kitambaa kile alionekana hivyo kabisa, mwizi anayechungulia. Mimi pale pembeni sikuwepo, walikuwa wamenikata.

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, nikapiga na makofi, kwa sababu sheria nilikuwa naijua: ndiyo anapigwa sasa, na akipigwa vizuri atashinda vizuri. Uwanja mzima ukacheka. Niliwageukia mashoga zangu nikawaambia, "Ngojeni, hapo bado."

Sauti ikasema, "Sasa mtazame mkulima bora." Akatokea mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Kitenge chake bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Alivaa hereni na viatu vya kufunika, na pamba aliishika kwa ncha za vidole kama inayochafua. Alichanganya fifi na nyeupe mbele ya macho yetu huku sauti ikimsifu. Nikasema moyoni labda huyu ni wa katikati. Nikangoja. Likaja tangazo la sabuni, nikangoja. Walipoanza kufungua kamba za kitambaa bado nilikuwa nimekaa chini naangalia nguzo.

Nafasi ya pembeni yangu ilikuwa tupu. Nyumbani nilimkuta mama ameshalala, au amejilaza.

Jumatatu nilipanda lori mpaka Bariadi, nikamkuta yule mwenye kofia kwenye uwanja wa kampuni yake. Nilimuuliza sehemu ya pili iko wapi. Alinikumbuka, akanipa na kiti. Akasema ilikuwa nzuri sana, tatizo mama yako alikuwa peku. Mkulima bora lazima aonekane anafaidika na kilimo, na watu hawawezi kumwiga mtu asiye na viatu. "Na kwa kweli," akasema, "ile ya kwanza aliiweza mno." Alisema tujivunie, picha limependwa Nyalikungu, limependwa Mwanhuzi, kila mahali wanamcheka. Aliyasema hayo bila ubaya wowote. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, siyo kupongezwa, nikainuka nikaondoka. Njia nzima kwenye lori nililia kwa hasira. Walikuja kumtafuta kwa sababu alikuwa safi, wakamchukua usafi, wakamvalisha mwanamke mwingine mwenye viatu.

Mnunuzi alipofungua msimu, karani wa mizani alikuwa mgeni. Zamu ya mama ilipofika alimtazama usoni, akatazama tena, akatabasamu. Akasema, "Huu tufungue." Wakaufungua mzigo wote chini, kwenye vumbi, hata turubai hawakutandika. Karani akaingiza mikono mpaka viwikoni akitafuta mchanga. Foleni nzima ilikuwa inaangalia, wakiwemo wale ambao mizigo yao ilikuwa inadondosha mchanga njiani tangu nyumbani. Hakupata kitu. Wakairudisha pamba na vumbi lake lote, na karani akasema sasa hii ni fifi. Mama akapokea bei ya fifi. Katika majirani waliomjua miaka yote hakuna aliyemtetea, na mmoja, ambaye binti yake alijifunza kuchambua uani kwetu, akasema taratibu, "Lakini si tulimwona wenyewe."

Jioni ile tulikaa uani na pamba iliyobaki. Nilitaka kumpoza. Nikaanza kumhadithia picha jipya nililoliona mjini, la ndugu wawili waliopoteana, na nikawahi kumwambia kabisa kwamba mwisho ni mzuri.

"Acha," mama akasema.

Nikaacha. Nikaanza kuwatukana wale watu, mwenye kofia, sauti ile ya redioni, karani. Nikasema walitusaliti. Aliendelea kuchambua, ananisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wale sikuwajua," akasema. "Walikuja na gari, wakaondoka na gari." Akatoa jani kavu kwenye pamba, akaliweka pembeni. "Mimi siku ile niliwahi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nilikuwa nataka kukugusa bega nikae. Kabla yako hakuna mtu aliyekuwa amecheka."

Nilimweleza habari ya stelingi. Nilimweleza kwamba nilikuwa najua sehemu ya pili inakuja. Akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mgeni anayeeleza njia ambayo yeye anaijua, kisha akavuta shuka la pamba likaenda upande wake, akaendelea kuchambua peke yake.