Nani Anataka Babu Alale?

Babu yangu hakuwa mtu wa kulala usiku, na mtaa wetu mzima wa Buyenzi ulijua hivyo na kumtumia. Mtu akiwa na safari ya mapema kwenda Gitega, alimwomba Babu amgongee dirisha. Na kwa kuwa usiku alikuwa macho hata hivyo, wazee wa msikiti wetu mdogo walimpa adhana ya alfajiri tangu mama yangu hajaolewa. Hakuikosa hata siku moja. Kila alfajiri alishika maikro, akawatangazia watu kwenye spika kwamba sala ni bora kuliko usingizi, nami chini ya shuka nikiwaza: huyu usingizi ameuonja lini mpaka akalinganisha?

Shida ilianzia dukani. Babu anauza vipuri vya baiskeli, na mchana mmoja mteja alimkuta amelala mezani, shavu juu ya mnyororo. Aliamka na alama usoni kama tairi limempitia. Mama akatangaza kwamba mzee lazima alale usiku kama watu wengine, la sivyo moyo utamgomea.

Siku mbili baadaye akaja fundi cherehani, mzee mwenzake, na kifurushi cha majani makavu. Huyu ndiye anayeadhini adhuhuri na alasiri, saa ambazo kila mtu yuko macho, pikipiki zinapiga honi, na hakuna anayemsikia. Alfajiri ameitamani miaka yote. Sasa mtu anayetaka maikro ya mwenzake anamletea dawa ya usingizi, na katika nyumba nzima ninayeona ni mimi tu?

"Mutachemsha kidogo tu, mumupe kisha sala ya magharibi," alimwambia mama. "Kahawa ya jioni, apana. Kulala muchana, apana. Mi mwenyewe nitakuwa nakuja dukani saa nane tucheze dame kwa ubao, asisinzie. Na simu isilale naye chumbani, iko inaharibu usingizi."

"Na kengele ya kumwamsha itapigia wapi?" niliuliza.

"We mutoto, uko na maswali kama polisi."

"Polisi anauliza kama kuna kosa, mzee."

Mama alinikanyaga kidole cha mguu.

Wiki ya pili, Babu alilala. Alikoroma mpaka mabati yakaitikia. Alfajiri, sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya fundi cherehani, anavuta maneno kama anapima kitambaa. Babu alitoka chumbani jua limeshawaka, uso umenyooka vizuri, hajui aombe radhi kwa nani. Siku nne baadaye, tena. Wazee wa msikiti wakamwita, wakamwambia kwa ule upole unaotisha: akikosa mara ya tatu, alfajiri anapewa mwenzake. Mchana ule Babu hakula. Alikaa kitandani akipangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi.

Nikaanza uchunguzi. Niliyachemsha majani yale, nikayabeba shuleni kwenye chupa, nikanywa wakati wa mapumziko. Kwenye somo la kemia nililala fofofo. Lakini kemia nalala kila siku, kwa hiyo jaribio likaharibika. Nikampa rafiki yangu, anayesema kuliko redio. Alisema mpaka mwalimu akamtoa nje, na huko nje akaendelea na mlinzi.

Basi nikayaficha majani yote, na kwenye kifurushi nikaweka mchaichai uliokauka, ule wa nyuma ya jiko letu. Babu akanywa, akasifu, akalala kama gunia la mchele. Aliokolewa na jirani aliyeangusha sufuria alfajiri. Alikimbilia msikitini kanzu imegeuka ndani nje.

Kwa hiyo haikuwa majani. Hapo ningetulia, lakini mimi nikishamshuku mtu simwachi hivihivi. Kesho yake saa nane niliingia dukani, nikajifanya natafuta pampu. Wazee wawili, ubao wa dame katikati, kikombe cha maji mahali pa kahawa. Kila macho ya Babu yalipoanza kufumbika, fundi cherehani aligonga kete mezani: "Cheza!" Babu anashtuka, anacheza. Kumbe dawa ilikuwa hiyo! Alikuwa anamnyima usingizi wa mchana ili usiku uje wenyewe.

Babu alipotoka kumfungia mteja tairi, nikasogea.

"Mzee, sema kweli. Unataka Babu alale, au unataka maikro?"

"Vyote viwili," akajibu, wala hakupepesa.

"Haiwezekani!"

"Kwa nini haiwezekani? Mi na babu yako tulianza madrasa siku moja. Nikimuona anasinzia mbele ya wateja, naona haya kwa ajili yake. Na maikro naitaka. Kwani iko sheria mutu atake kitu kimoja?"

Nikairudisha pampu mahali pake, nikaondoka.

Jioni nilipika kahawa nzito ya tangawizi, nikampelekea Babu badala ya chai yake. Alinusa.

"Hii si yenyewe."

"Ukinywa hutalala, na usipolala hutakosa. Imebaki mara moja tu, Babu."

Alikishika kikombe muda mrefu. Nilimwona anavyoitamani ile harufu.

"Mujukuu wangu, hizi siku nimekuwa naota," alisema. "Nilisahau kama watu wanaota. Nimemuona bibi yako, ananifokea juu ya viatu." Akanirudishia kikombe. "Kunywa we. Halafu uniamshe."

"Mama alisema tukuache ulale."

"Mama yako ni mutoto wangu."

Nikanywa. Nilikaa sebuleni macho kodo, na saa ilipofika nikamtikisa. Tulitembea pamoja, mimi na tochi. Mlango wa msikiti ulikuwa wazi. Fundi cherehani alikuwa ameshafika, maikro mkononi, anaangalia saa ukutani. Nilibaki langoni.

"Umefika," alisema.

"Nimefika," Babu akajibu.

Fundi cherehani aliipangusa maikro kwa mkono wa kanzu, akampa Babu. Kisha akaja mpaka kwangu.

"Ni we umemuamsha?"

"Ni mi."

"Macho mekundu, sha mutoto. Na kesho?"

"Na kesho."

"Mitihani yenu ni lini?"

"Wiki ijayo."

Alitikisa kichwa kwa huruma. Ya kweli au ya uongo, mpaka leo sijui.

"Basi mi siko na haraka," akasema, akarudi ndani, akakaa safu ya mbele, pale ambapo mkono unaifikia swichi ya spika.