Samaki Asiye na Bei

Dola mia moja tisini na moja na senti arobaini. Nimehesabu mara mbili. Hesabu ya kwanza ilitoka mia moja themanini na tatu, nikafurahi, kisha nikakumbuka dawa ya mbu. Humo mna leseni ya uvuvi, fimbo mbili za kuvulia nilizozitoa kwenye gereji ya mzee mmoja wa Plymouth aliyekuwa akihama (alitaka sitini, nikampa thelathini na nane na kiti cha kukunja akanitilia juu), ndoano, boya dogo lenye taa tumboni, ndoo, na vidagaa hai vya chambo ambavyo nusu yake vilikuwa vikifa kabla hatujafika ziwani. Mafuta ya gari sijayatia. Na kwa gharama yote hiyo, tangu joto lianze mpaka linakwisha, samaki niliyemvua kwa mkono wangu ni mmoja.

Nyumbani wakisikia watasema nimepigwa. Mimi, ambaye nanunua kwa jumla mizigo iliyorudishwa kwenye maghala ya Shakopee na kuiuza mojamoja kwa simu, nimepigwa na samaki! Lakini nasema na narudia, sijawahi kununua kitu kwa bei nafuu kama hiyo.

Mama alikuja mwezi wa sita, alipotoka eda. Baba tulikuwa tumemzika Mombasa, na nyumba ya vyumba vinne ilikuwa imebaki na mtu mmoja. Nilimkatia tiketi ya kuja na kurudi, marejeo mwezi wa kumi, kwa sababu ya kuja tu ilikuwa ghali zaidi, na mambo ya ndege usiyaulize. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Akipazoea, abaki na mimi hapa Saint Louis Park. Asipopazoea, arudi kwenye vyumba vyake vinne, na mimi nibaki huku nikisikiliza simu inalia bila kupokewa.

Shida ni kwamba hali chakula.

Laiti angekataa. Mtu anayekataa namjua, nimepata riziki kwake miaka yote, namwongeza hiki namtoa kile mpaka anakubali. Mama hakukataa. Alikaa mezani, akala matonge mawili, akasema, "Nimeshiba, mwanangu," akanawa. Asubuhi matonge mawili, usiku mawili. Akakonda mpaka buibui aliyokuja nayo ikaanza kufagia sakafu. Daktari alimpima kila kinachopimika, akasema hana ugonjwa, akamwandikia maziwa ya kopo ya kumtia nguvu. Mama aliyaonja akauliza kama ni ya kupaka ukutani.

Nikaona dawa yake ni samaki. Mtu wa pwani ukimnyima samaki umemnyima nini kingine? Dukani wanauza kipande cheupe juu ya sahani ya povu, hakina kichwa, hakina ngozi, na bei imebandikwa. Mama alikigeuza huku na huku. "Huyu alikufa kwa nini?" Nikaenda kwenye duka la watu wetu nikanunua changu wa barafu, mzima na kichwa chake, nikampika wa kupaka kwa nazi. Alikula kidogo upande wa mkia akasema, "Ahsante, mwanangu, umejitahidi."

Mama yangu hashukuru chakula. Hukitia kasoro. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mteja wangu mmoja wa viatu akaniambia nisihangaike na barafu, maziwa ya hapa yana samaki anaitwa krapi, mpana kama kiganja, mwenye rangi ya fedha na madoa meusi. Mchana wa joto hujificha chini. Usiku hupanda karibu na gati, hufuata taa na wadudu. Saa hizo zilitufaa. Mama halali kabla ya Isha, na Isha ya huku wakati wa joto ni karibu saa tano usiku. "Jua la huku halina adabu," alisema. "Halijui kwao?" Basi badala ya kukaa dirishani kulingojea litue, tukachukua mkeka, chupa ya chai ya tangawizi na mkebe wa mahamri, ambayo alikuwa akiyapika kila Ijumaa kwa mazoea wala hayali, tukaenda ziwani.

Usiku wa kwanza nilivua fulana yangu mwenyewe. Wa pili nilivua mti. Wa tano, boya langu lenye taa likazama, nikavuta, na huyo hapo, krapi mmoja, anapiga mkia kwenye mbao za gati. Nilipiga kelele mpaka bata wakaondoka. Mama alimwangalia kwa mwanga wa simu.

"Changu wa tope," akasema.

Tukamkaanga usiku uleule. Matonge mawili. "Nimeshiba, mwanangu. Ahsante." Nikaenda bafuni nikafungua bomba ili maji yapige kelele badala yangu.

Usiku wa sita tulikwenda kwa sababu chambo kilikuwa kimeshalipiwa. Mwisho wa gati alikuwepo mzee mmoja ambaye tulikuwa tumemwona mara mbili tatu, mzee wa Kihmong, watu wa milima ya mashariki ya mbali, anayekaa Saint Paul, kofia yake ina taa kipajini. Yeye aliishusha taa ya kijani ndani ya maji kwa kamba, na krapi walikuwa wakimjia kama wameitwa harusini. Mama aliinuka kunyoosha miguu. Nilipogeuka nilimkuta amechuchumaa mbele ya ndoo ya yule mzee. Amemtoa samaki mmoja, amemfunua matamvua kwa kidole gumba, amemfinya tumbo, amenusa kidole.

Sikuwa nimeuona mkono ule ukifanya vile tangu Mombasa. Kule sokoni mimi nilikuwa nashika pindo la buibui, baba anashika kikapu, na mama anapambana. Baba hakuwa akitia neno. Kazi yake ilikuwa baadaye, nyumbani, tukishakaa kwenye jamvi. Alikuwa akimega tonge la kwanza, anauliza, "Haya, umempunguza ngapi?" Na mama anaanza, na sauti ya mwuzaji anaitoa yeye, na sauti yake mwenyewe, na waliopita wakashuhudia, mpaka samaki anabaki miba.

"Hawa anauzaje?" mama akaniuliza, hakuniangalia.

Nikamwuliza mzee kwa Kiingereza. Mzee akatikisa kichwa. "Kuuza hapana. Sheria. Chukua tu."

"Anasema sheria inakataza kuuza, mama. Anakupa bure."

"Bure? Kwani nimeomba? Huyu ananionaje?"

"Ni zawadi, mama."

"Zawadi hutoka kwa mtu unayemjua. Niletee mkebe."

Nikaleta. Mama akaweka mahamri mawili juu ya kifuniko cha ndoo, akachagua samaki watano, akawapanga kama mtungo. Mzee akayaangalia mahamri. Akala moja, polepole, macho ziwani. Kisha akanyoosha mkono, akawachukua samaki wawili kati ya wale watano, akawarudisha majini mwake ndani ya ndoo, akaionyesha kwa kidole chupa ya chai.

"Alaa!" Mama akajishika kifua. "Umemwona? Umemwona mwizi huyu? Mahamri ya iliki nzima, nazi ya kukuna kwa mkono, anipe samaki watatu wa tope na chai juu!"

"Mama, anakupa bure—"

"Nyamaza wewe, unaniharibia."

Akaweka hamri la tatu. Mzee akatikisa kichwa. Chai. Mama akafunga mkebe kwa kishindo, akajitupia mtandio begani, akageuka akaondoka.

Mwendo ule naujua. Ni mwendo wa mtu anayekwenda zake kabisa, ila kwa hatua fupifupi, ili mwuzaji asichoke kumwita. Sokoni alikuwa akiitwa kabla hajafika kwa muuza miwa, kila mara, na mimi nimejifunza riziki yangu yote kwenye mgongo ule. Lakini mzee huyu hakuwa wa soko letu. Alikuwa amekwisha kutoa bure, sasa anaitwa mwizi kwa lugha asiyoijua, na mwenye kumwita mwizi anaondoka. Kwa nini amwite? Akatia chambo kwenye ndoano. Mama akapita mkeka wetu. Akapita kiti changu cha kukunja. Mbele yake hakukuwa na muuza miwa, kulikuwa na maegesho ya magari, na baada ya maegesho vyumba vinne Mombasa. Nilijua hatageuka mwenyewe. Angefika garini akafunga mkanda, na kesho matonge mawili, na ahsante.

Nikataka kumwambia yule mzee, mwite, tafadhali, nitalipa mimi. Sikuwahi.

Mzee akagonga ndoo kwa kijiti. Ko, ko, ko.

Mama akasimama. Hakugeuka mara moja, hana haraka hiyo. Alipogeuka, mzee alikuwa ameinua vidole vinne kwa mkono mmoja, na kwa mwingine kifuniko cha chupa yake kitupu. Samaki wanne, mahamri matatu, chai kikombe kimoja. Mama akarudi akimtolea maneno njia nzima, akamimina chai nusu kikombe, mzee akabaki amekinga mkono vilevile mpaka kikajaa. Na mama akacheka. Mara ya mwisho nilikuwa nimeisikia sauti ile baba akiwa hai.

Mkaguzi wa uvuvi akiuliza, mzee alitoa zawadi na mama akatoa zawadi. Kelele za katikati ni mila.

Nyumbani tulikaanga saa saba usiku, king'ora cha moshi kikalia, jirani akagonga ukuta. Mama akakaa, akamega tonge. Akasita. Na mimi sikupanga, maneno yalinitoka tu: "Haya, umempunguza ngapi?"

Mkono wake ukabaki hewani. Nikadhani nimeharibu.

"Ngapi!" akasema. "Yule ni nyoka, mwanangu. Kwanza alijifanya hasikii..." Akaanza, na sauti ya mzee akaitoa yeye, Kihmong cha kwake mwenyewe, na alipofika kwenye kijiti na ndoo alikuwa anafyonza macho ya samaki. Samaki wenyewe aliwatia kasoro: wana miba, wamekosa chumvi ya kuzaliwa nayo. Nilivihesabu vichwa kwenye sahani yake. Viwili. Nikahesabu tena.

Tangu hapo tumekwenda Ijumaa zote. Mzee sasa huja na mkebe wake wa wali wa kunata na pilipili, kuongeza ugumu wa mazungumzo. Jina lake silijui, naye hajui kwamba namdai dua mpaka nife, au yeye ndiye ananidai, hesabu hiyo bado haijatulia. Buibui imerudi kwenye vifundo vya miguu. Wiki iliyopita mama aliniambia nipige simu kuulizia tiketi ya mwezi wa kumi, kama inasogea. Kusogea kwake ni dola mia mbili na kumi, nami nilimwambia yule wa ndege kwamba ananiua, ila sikukata simu.

Sasa mzee amemweleza mama, kwa mikono, kwamba wakati wa baridi hutoboa barafu na kuvua shimoni, na mama amekwisha kukubali. Kwa hiyo nyinyi mliokaa huku miaka mingi, nisaidieni. Mama wa miaka sabini na moja, wa buibui, avae kiatu gani juu ya ziwa lililoganda? Baridi si tatizo, nitamfunga mablanketi. Nauliza kiatu kisichoteleza, cha kumwezesha kugeuka kwa hasira na kuondoka hatua fupifupi bila kuanguka, mpaka aitwe. Bei msinitajie. Hiyo niachieni mimi.